Chanjo imepita asilimia 100 na surua bado inatokea: takwimu zinapikwa au hesabu ndiyo mbovu?

#1 Kitunguu Saumu
Wakuu, habari za muda. Wenye uelewa naomba mnifungue macho.

Zahanati ya kata yetu ina ile grafu ya ukutani ya chanjo, wanayochora mstari kwa kalamu kila mwezi. Mstari wa Penta 3 (dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya magonjwa matano) umepanda ukapita lengo, ukafika mwisho wa karatasi, wakabandika kipande kingine juu kwa selotepu. Yaani wamechanja watoto wengi kuliko waliopo kwenye kata. Na ni kata hiyohiyo iliyopata surua.

Maswali yangu. Hao watoto wa ziada wametoka wapi? Tunaambiwa kuna mifumo ya kompyuta inayofuata chanjo kutoka bohari ya taifa mpaka kituoni, sasa hiyo mifumo haishtuki? Na mtoto akipata shida baada ya sindano, taarifa yake inaingia wapi? Karibuni.

#2 Ngurumo ya Kusini
Zinapikwa. Funga uzi.

#3 Mtu wa Takwimu
Ngurumo, usifunge uzi wa watu.

Mleta mada, anza na lengo lenyewe. Zahanati haihesabu watoto nyumba kwa nyumba. Inapewa makadirio: idadi ya watu wa kata, wanatoa asilimia ndogo kama tatu hadi nne, hao ndio watoto wa chini ya mwaka. Idadi ya watu inatoka kwenye sensa, halafu kila mwaka inaongezwa kwa kasi iliyokadiriwa. Sensa ya 2012 ilitupa watu milioni 44.9, na kasi iliyokuwa inajulikana wakati huo ni asilimia 2.7 kwa mwaka. Ilipokuja ya 2022 tulikutwa milioni 61.7, kasi ikaonekana ilikuwa 3.2. Kwa hiyo miaka kumi mizima vituo vingi vilipewa lengo dogo kuliko watoto halisi. Nesi amechanja watoto wa kweli, amegawanya kwa lengo la uongo, ikatoka zaidi ya mia. Hakuna aliyepika.

#4 Nesi wa Mkoba
Hiyo ya lengo ni kweli, ila haitoshi. Mimi nimefanya kituo kilicho kando ya barabara kuu karibu na mnada. Siku ya mnada akina mama wanakuja na watoto wao kutoka kata tatu tofauti. Utamrudisha mama kwa sababu lengo lako limejaa? Unachanja, unaandika. Kata yako inasoma zaidi ya mia, wale jirani zako wanasoma sitini na kitu, wanaitwa kikaoni kujieleza. Ukizijumlisha kwenye ngazi ya wilaya unakuta mambo yako sawa tu. Mipakani ndiyo balaa zaidi, mtoto ana kadi ya nchi nyingine kabisa.

#5 Ngurumo ya Kusini
Sawa, sasa hao wote mmewachanja, surua ilitoka wapi? Mnajibu swali la kwanza tu kwa sababu ndilo jepesi.

#6 Fundi Friji
Hapo nina neno, maana hayo majokofu tunayatengeneza sisi.

Kuchanjwa na kukingwa ni vitu viwili. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa zikae nyuzi 2 hadi 8. Watu wanaogopa joto tu, kumbe Penta ikiganda imekufa na kwa macho huwezi kujua haraka. Ile alama kwenye vaili (kichupa cha chanjo), duara lenye mraba ndani, inakuambia habari za joto, kuganda haikuambii. Nimewahi kukuta jokofu la zamani la gesi limeseti baridi mpaka vaili za ukutani zimeshikana na barafu, halafu daftari la joto ukutani limejazwa asubuhi na jioni, nyuzi 4, nyuzi 4, nyuzi 4, mwezi mzima, kwa peni moja na mwandiko mmoja. Siku hizi friji za sola zina kifaa kinachorekodi joto chenyewe, ndiyo heri kidogo.

Surua sasa: vaili ya surua-rubela ni unga, unachanganya na maji yake, ukishachanganya ni saa 6 basi, unamwaga. Wapo wanaoona uchungu kumwaga vaili ya dozi kumi iliyochanja watoto wawili.

#7 Mtu wa Takwimu
Nakazia kwa Fundi. Halafu hata chanjo ikiwa nzima, dozi ya kwanza ya miezi 9 inakinga kama asilimia 85 ya watoto. Ndiyo maana kuna ya pili ya miezi 18. Wengi wanakuja ya kwanza, ya pili hawaonekani. Surua ili itulie inataka jamii iwe na kinga kama asilimia 95. Grafu ya ukutani uliyoiona ni ya Penta 3, haisemi chochote kuhusu surua dozi ya pili.

#8 Kitunguu Saumu
Kumbe! Hiyo ya pili sikuiona ukutani kabisa.

#9 Binamu wa Dodoma
Nimekuwa mtu wa data wilayani miaka ya nyuma, acheni niwaeleze upishi unavyojulikana.

Kwanza, Penta na PCV (ya nimonia) zinatolewa siku moja, mtoto mmoja, paja hili na paja lile. Ukiona kituo kinaleta Penta 1 nyingi na PCV 1 chache, aidha PCV iliisha au mtu kakosea, kuna cha kuuliza. Pili, haiwezekani mwaka mzima dozi ya tatu ikazidi ya kwanza. Watoto wanapungua njiani, hawaongezeki. Kituo kinacholeta Penta 3 kuliko Penta 1 kila mwezi, huyo anajaza kwa kukumbuka. Tatu, leja. Kama umepokea vaili za kutosha watoto mia, umebakiwa na za watoto thelathini, huwezi kuniambia umechanja mia na ishirini. Hapo ndipo mfumo wa ugavi unapomuumbua mtu.

Kwa hiyo jibu la swali la mleta mada: mfumo unaweza kushtuka. Shida wakati wangu ni kwamba hesabu ya watoto ilikuwa DHIS2 (mfumo wa ripoti za vituo) na hesabu ya vaili ilikuwa VIMS (mfumo wa chanjo), na aliyetakiwa kuziweka mbili mezani ni DIVO, yaani ofisa chanjo wa wilaya, mmoja mwenye pikipiki isiyo na mafuta.

#10 Nesi wa Mkoba
@Binamu wa Dodoma kumbe ni wewe uliyekuwa unatupigia tarehe tano usiku "dada ripoti, dada ripoti, mkoa wananisubiri" 😂

Mwambie mleta mada na upande wetu. Mtoto mmoja akichomwa, naandika kwenye kadi yake. Naandika kwenye Kitabu namba 7 cha MTUHA, rejesta ya watoto ya mfumo wa taarifa za afya. Naweka kistari kwenye karatasi ya kuhesabia. Natoa vaili kwenye leja. Kisha, kwa mikoa yenye kishikwambi, namwingiza na humo. Huyo ni mmoja, na kwenye benchi wamekaa arobaini, watoto wanalia, na mimi niko peke yangu, mwenzangu yuko semina. Unadhani jioni nitakumbuka nani alipata Rota (ya kuhara) na nani iliisha? Unahesabu vaili tupu kwenye ndoo, unazidisha. Vaili tano za dozi kumi, watoto hamsini. Hapo ndipo watoto wa ziada wanapozaliwa, mleta mada. Kwenye ndoo.

#11 Ngurumo ya Kusini
Nilisema post namba 2 zinapikwa mkaniambia nisifunge uzi. Sasa nesi mwenyewe kakiri.

#12 Nesi wa Mkoba
Kuhesabu ndoo siyo kupika, Ngurumo. Kupika ni kuandika bila hata ndoo.

#13 Kiazi cha Mbeya
Mkitaka ukweli angalieni utafiti wa nyumba kwa nyumba. TDHS, utafiti wa taifa wa afya, ya 2015-16 ilikuta kama robo tatu tu ya watoto wa miezi 12 hadi 23 ndio waliopata chanjo zote za msingi. Vituo vilikuwa vinaripoti zaidi ya 90. Tofauti yote hiyo ni hewa.

#14 Mtu wa Takwimu
Kiazi, unapima urefu wa mguu na urefu wa mkono. Robo tatu ni waliomaliza ZOTE: BCG (ya kifua kikuu), polio, Penta tatu na surua. Zile za vituo unazozitaja ni za Penta 3 peke yake. Penta 3 kwenye utafiti huohuo inakaribia 90. Pengo lipo, ila dogo kuliko unavyolitangaza. Na utafiti nao una yake: kadi isipoonekana wanamuuliza mama, na mama mwenye watoto watano kumbukumbu zake unazijua.

Ndiyo maana WHO na UNICEF kila mwaka huchukua namba za serikali, tafiti na taarifa za chanjo kuisha bohari, wakatoa makadirio yao. Wakati mwingine yanakuwa chini ya namba za nchi.

#15 Kiazi cha Mbeya
Miguu na mikono tena. Pengo lipo, umekubali, inatosha.

#16 Machakos Finest
Salamu kutoka Kenya. Msidhani ni nyinyi pekee. Sisi tulikuwa wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuweka DHIS2 nchi nzima, 2011, na bado mwaka 2025 BCG na polio zikakosekana kwa kaunti kadhaa. Mfumo ulijua zinaisha. Kujua si kununua. Serikali kuu inasema imeagiza, kaunti inasema haijaletewa, mama anaambiwa arudi wiki ijayo. Data hiyo hapo, safi kabisa, inaonyesha sufuri.

Ila kwa upande wa usalama kuna kazi nzuri ilifanyika hapa, ya chanjo ya malaria. RTS,S ilipotoka kwenye majaribio kulikuwa na maswali: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, pia malaria ya kupanda kichwani, na vifo vya watoto wa kike. Ikaonekana huenda ni bahati mbaya ya hesabu, lakini hawakuipeleka kila mahali kienyeji. 2019 walianza kwa awamu, Malawi, Ghana, na huku kwetu magharibi, Homa Bay, wakaweka hospitali za kufuatilia mambo hayo matatu tu. Watoto zaidi ya laki nane baadaye hayakujitokeza, ndipo Oktoba 2021 WHO wakaipitisha.

#17 Ngurumo ya Kusini
Mmefika kwenye madhara wenyewe. Mfumo wa Marekani wa VAERS una ripoti za vifo kibao baada ya chanjo ya corona, ziko wazi, mtu yeyote anazisoma. Huku kwetu ziko wapi? Mnajisifu mifumo.

#18 Duka la Dawa Baridi
Mfamasia hapa. Ngurumo, VAERS ipo tangu 1990 na mtu yeyote anaweza kuingiza ripoti. Yeyote. Kuna daktari mmoja Marekani alijaribu makusudi, akaripoti kwamba chanjo ya mafua ilimgeuza kuwa Hulk, lile jitu la kijani la kwenye sinema. Ripoti ikaingia. Walimpigia baadaye ndipo ikaondolewa kwa ridhaa yake. Ripoti ya humo maana yake ni "hiki kilitokea baada ya", siyo "kwa sababu ya". Ukichanja wazee milioni kumi, wapo watakaofariki wiki hiyo kwa presha zao walizokuwa nazo. Lazima ulinganishe na wangapi hufariki wiki ya kawaida.

Lakini usiidharau pia. 1998 waliingiza chanjo ya rota iitwayo RotaShield. Mwaka uliofuata ripoti zikaanza kuja za watoto kujikunja utumbo. Hazikuwa nyingi, ila zilikuwa za aina moja, siku chache baada ya dozi. Wakasimamisha Julai 1999, ikaondolewa sokoni Oktoba. Kengele ilifanya kazi. Na Aprili 2021 chanjo ya corona ya Janssen ilisimamishwa siku kumi kwa wagonjwa sita wa damu kuganda, kati ya dozi karibu milioni saba.

#19 Ngurumo ya Kusini
Asante kwa kunisaidia. Wagonjwa sita wakasimamisha kwao, Julai ikashushwa Dar dozi milioni moja na ushee za Janssen hiyohiyo. Hapo vipi?

#20 Duka la Dawa Baridi
Waliirudisha kwao mwezi huohuo wa Aprili baada ya kupima faida na hatari, ikiwa na onyo. Zilizokuja Dar zilikuja baada ya hapo. Ungeniuliza tuliweza kuwaona wagonjwa wa aina ile kama wangetokea hapa, hapo ningekaa kimya kwanza. Ugonjwa wenyewe unataka kipimo cha chembe sahani (zinazogandisha damu) na picha ya kichwa. Mgonjwa akifika kituo cha afya na kichwa kinauma anaandikiwa malaria. Mfumo wa kompyuta hauwezi kuona ambacho daktari hakupima.

Kuhusu ziko wapi: TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndio wenye kazi hiyo. Fomu ya njano kwa mtoa huduma, ya kijani kwa mgonjwa mwenyewe. Zinachambuliwa hapa, kisha zinaenda Uppsala, Sweden, kwenye hazina ya dunia yenye ripoti zaidi ya milioni 30. Tanzania iko kwenye mtandao huo tangu 1993.

#21 Mama Pacha
Mimi msomaji tu humu lakini hiyo ya fomu imenigusa. Pacha wangu mmoja alitoka jipu pajani baada ya chanjo ya wiki 10. Nilirudi kituoni, wakalipasua, wakalisafisha, wakanipa dawa. Hakuna aliyeandika popote. Nilipouliza ni chanjo gani nikaambiwa "mama, ni kawaida hiyo". Jipu likapona, sawa, lakini kama kulikuwa na watoto wengine siku ile nani angejua?

#22 Nesi wa Mkoba
Pole mama. Homa ya siku moja mbili baada ya Penta na kidonda cha BCG begani, hizo ni za kutegemewa. Jipu siyo. Jipu linaandikwa. Na paja linasema: kwetu Penta tunachoma la kushoto, PCV la kulia, kwa hiyo hata kama hukumbuki unajua ni ipi.

Kwa nini hawakuandika? Woga, kwa sehemu kubwa. Jipu linamaanisha uchafu, au sindano imechomwa juu juu. Ukijaza fomu unajishtaki. Wakija kutoka wilayani la kwanza wanauliza "nani alichoma?", siyo "vaili ipi?".

#23 Binamu wa Dodoma
Na juu yake, ripoti sifuri ilikuwa inapongezwa! Wilaya ikileta sifuri ya maudhi mwaka mzima kikaoni wanapigiwa makofi. Wakati kipimo cha WHO kilikuwa kinasema ufuatiliaji wenye afya ulete angalau ripoti 10 kwa kila watoto wachanga laki moja kwa mwaka. Sifuri maana yake hakuna anayeangalia.

#24 Mpita Njia wa Juba
Nipo Sudan Kusini kikazi. Mwaka 2017 watoto 15 walikufa upande wa Kapoeta kwenye kampeni ya surua. Chanjo ilikuwa nzima ilipotoka bohari. Kikosi hakikuwa na mafunzo, bomba moja la sindano lilitumika kwa watoto siku nne, na vaili hazikuwa kwenye baridi. Uchunguzi ulikuta ni sumu ya vijidudu. Ungeangalia takwimu za ugavi peke yake ungeona dozi zimefika na zimetumika, kila kitu kijani.

#25 Duka la Dawa Baridi
Na Samoa 2018, vichanga wawili. Manesi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Kabla sababu haijajulikana nchi ilisimamisha chanjo, watu wakaogopa, 2019 surua ikaingia ikaua watu 83. Kilichohitajika ni mtu kuweza kusema haraka: ni kituo hiki, vaili hizi, mikono hii, nchi nzima endeleeni.

Hapo ndipo bachi namba (namba ya toleo la kiwandani) inapoingia, na ndiyo kitu ninachopigia kelele kila siku. Bohari wanaandika bachi. Leja ya kituo inaandika bachi. Ukifika kwa mtoto, kadi ngapi zinaandikwa zaidi ya tarehe? Likitokea tatizo la bachi moja, utajua imeenda wilaya zipi na vituo vipi, halafu mnyororo unakatika mlangoni pa chumba cha chanjo. Cheti cha corona kilikuwa na mambo yote hayo. Mtoto wa wiki sita hana.

#26 Fundi Friji
Mfumo wa watoto ule wa vishikwambi si ulikuja kumaliza hilo? Arusha walikuwa wanabandika stika ya baakodi kwenye kadi, nesi anaskani, jina linatokea.

#27 Nesi wa Mkoba
Arusha ndiko ulikoanza, mradi wa BID wa shirika la PATH. Ni mzuri, sibishi, unakutolea orodha ya watoto ambao hawajarudi, nilikuwa nawapigia mama zao simu. Ila mtandao ukikatika unaandika kwenye karatasi, ukirudi unaingiza upya, na mtoto aliyeandikwa Neema Juma kwa mwenzangu anakuwa Nehema J. kwangu. Watoto wawili. Mleta mada, ongeza na hao kwenye wale wa ndoo.

#28 Kiazi cha Mbeya
Vishikwambi vya sensa wakapewa walimu. Wangewapa manesi.

#29 Mwalimu wa Kata
Kiazi tuachie vishikwambi vyetu tafadhali. Changu chenyewe hakikai na chaji.

#30 Ubungo Terminal
Hakuna anayeuliza hizo taarifa za watoto zinakaa wapi? Jina, simu ya mama, kijiji. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Nani amewahi kuombwa ridhaa kwenye benchi la kliniki?

#31 Mtu wa Takwimu
Uzi mwingine huo mkuu, ufungue nitakuja. Kwa sasa kitabu namba 7 kiko mezani kimefunuliwa na kila anayepita anasoma, sijui kama kompyuta ni mbaya zaidi.

#32 Mama Pacha
Samahani nirudishe nyuma. Kadi ya pacha mmoja imepotea tulipohama, na miezi 18 imefika. Nifanyeje? Watachoma upya zote?

#33 Nesi wa Mkoba
Hapana mama. Rudi kituo ulichokuwa unaenda, au wapigie, uwape tarehe ya kuzaliwa na mwezi uliohudhuria. Jina lipo Kitabu namba 7, watakujazia kadi mpya. Kovu la begani litathibitisha BCG. Surua ya pili usiicheleweshe kusubiri kadi, hata ikirudiwa haina shida. Kafanye yote mawili: achanjwe na aandikiwe kadi mpya. Na bachi namba waambie waandike, Dawa Baridi apate usingizi.

#34 Ngurumo ya Kusini
Mama Pacha, na ile kadi ya pacha mwenzake ipige picha leo. Mengine nabaki na msimamo wangu.

#35 Binamu wa Dodoma
Ngurumo watoto wako wamechanjwa?

#36 Ngurumo ya Kusini
Wote. Mama yao hasomi hizi nyuzi.